Bure Hiyo Imeandikwa Wapi?

Wadogo zangu, leo vuteni viti kivulini. Ikifika saa nane mchana hapa Voi hata mbuzi wa Mwakingali wanajua kujibanza ukutani, sembuse sisi. Wiki hii nimepata barua mbili. Walioziandika hawajuani, lakini nimeona nizijibu pamoja, maana ni wageni wawili wanaobisha nyumba moja, mmoja mlango wa mbele, mwingine wa uani.

Ya kwanza ni ya binti wa miaka 24. Anaimba harusini, anaimba kanisani, na siku za kazi anashona nguo na mamake. Ana nyimbo 11 daftarini, zote ametunga mwenyewe. Sasa amempata mwenye studio anayemwambia, njoo nikurekodie zote, bure, wewe tia sahihi tu hapa chini. Mama anasema muziki ni uhuni, ashike cherehani. Binti anauliza: "Dada, nikubali?"

Ya pili ni ya kijana anayetengeneza spika na vinanda. "Niliota nipige gita jukwaani," anaandika, "sasa nimekuwa mtu wa kufungua skrubu. Wenzangu wananiita fundi redio. Naona haya."

Nianze na mwenye haya. Kibanda chake nakijua, basi nilimfuata huko huko badala ya kumjibu kwa karatasi. Nilimkuta ameinamia spika kubwa ya inchi 15, ya kanisa moja la barabarani, imeungua Jumapili katikati ya sifa. Ukiisogelea unasikia ile harufu ya koili iliyoungua, kama nywele zilizoshikwa na moto. Alikuwa ameikata koni ya zamani ikatoka duara zima, akapangusa gamu iliyoganda, akaingiza koili ya koni mpya kwenye ule mfereji mwembamba wa sumaku. Sasa hapo ndipo nilipoona ufundi. Mfereji wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba koili ikilala upande kidogo tu inakwaruza, na spika itakoroma maisha yake yote. Akachukua filamu ya zamani ya eksirei, ya kifua cha mtu sijui nani, akaikata vipande vyembamba, akavipachika ndani ya koili ili isimame katikati mpaka gamu ikauke. Kisha akaunganisha waya kwa risasi, kale kamoshi kakapanda, akangoja. Baada ya muda mrefu sana (nilikunywa soda mbili) akavichomoa vile vipande kimoja kimoja, akagusisha betri ndogo ya tochi kwenye nyaya. Koni ikaruka: tup. Akatabasamu kabla hajakumbuka kwamba mimi nipo.

Mdogo wangu, mtu anayetabasamu peke yake kwa sababu ya tup hajapotea njia.

Tena nikwambie, mji huu unakuhitaji wewe kuliko unavyohitaji mpiga gita wa kumi na moja. Vumbi letu jekundu, hili linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo, haliheshimu kinanda cha mtu. Linaingia chini ya vibao, linakaa kwenye zile raba ndogo zenye nukta nyeusi, na siku ya harusi Mwatate noti tatu hazilii. Mpigaji atafanya nini? Atatabasamu na kukwepa wimbo. Wewe unakifungua, unapangusa kwa pamba na spiriti, unakifunga. Kuna maharusi, matanga ya kutaka kipaza sauti, mikutano ya hadhara, kwaya kutoka Sagalla mpaka Taveta, na kila mmoja wao ana waya uliokatika. Mwimbaji akipata homa kazi inafutwa. Mitambo ikipata homa unaitwa wewe. Haya yako nimeikataa. Ninalokudai ni jingine, nitalirudia mbele: huna daftari. Nilikuuliza spika ya kanisa uliipokea lini na mmekubaliana kiasi gani, ukaanza kutazama dari.

Sasa twende kwa binti, na hapa nitakaa, maana hapa pameniuma mimi mwenyewe.

Nilikuwa na umri kama wako. Mtu fulani, jina lake namwachia Mungu, aliniita studio kumsaidia kiitikio. Kiitikio hakikuwapo. Alikuwa na ngoma inayozunguka na maneno mawili ya kuvunjikavunjika. Nikakaa pale nikakitunga, maneno na sauti yake, nikakiimba mara nne, nikapewa chipsi na nauli ya kurudi. Nikashukuru sana! Miezi ikapita. Siku moja nateremka na matatu kutoka Wundanyi kwenda Mwatate, tuko kwenye zile kona ambazo abiria wa kiti cha nyuma wote wanalaliana, redio ikawashwa, na nikajisikia naimba. Mtangazaji akataja jina la msanii. Si mimi. Akamtaja mtunzi. Si mimi. Nikamshika makanga mkono, nikamwambia, "Huyo ni mimi!" Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Sawa auntie," akasema, "lakini nauli kwanza."

Nikalipa. Sikuwa na kipande cha karatasi, wala ujumbe wa simu, wala shahidi ila mwenye chipsi.

Ndiyo maana, mdogo wangu, ukiniuliza kama ukubali nyimbo 11 za bure, swali langu la kwanza ni hili: hiyo bure imeandikwa wapi, na imeandikwaje? Usiwe mkali naye. Huenda ni mtu mzuri kabisa. Lakini sheria haijali kama mtu ni mzuri, inatazama nani alifanya nini. Na sheria yetu ya hakimiliki inaugawa wimbo mmoja kuwa mali mbili, jambo ambalo wengi tunalijua tukishalizwa.

Mali ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na sauti ulizozibuni, hata kama ulizibuni ukipiga pasi. Hiyo ni yako tangu ilipoingia daftarini. Huhitaji muhuri wa mtu ili iwe yako, na inadumu maisha yako yote pamoja na miaka 50 baada ya kufa kwako. Fikiria hilo ukiwa umekaa kwenye cherehani. Vazi unaloshona leo mwenyewe atalichoka kabla ya Krismasi, na wimbo wa ukurasa wa tatu wa daftari lako unaweza kumlipia mjukuu karo.

Mali ya pili ni rekodi yenyewe, ile wanayoiita masta. Na hapa ndipo bure inapokaa kama nyoka kwenye kuni. Kwa sheria ya Kenya, mwenye rekodi ni yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Aliyelipa studio, akatafuta wapigaji, akagharamia. Ukilipa wewe, una hoja ya kuwa mwenyewe. Asipokulipisha chochote, akabeba kila kitu yeye, basi rekodi zote 11 zina kila dalili ya kuwa zake, na hajakuibia! Umemwachia tu mlango wazi. Kisha sasa kuna ile "tia sahihi hapa chini". Mtu hawezi kuuchukua utunzi wako kwa mdomo. Sheria inataka uhamishaji wa haki uwe wa maandishi, na sahihi ya anayehamisha iwepo. Umeona kwa nini anaitaka sahihi yako kuliko sauti yako? Kitu pekee kinachoweza kukutoa kwenye nyimbo zako ni mkono wako mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu: usikubali zote 11. Chagua mbili. Zilipie mwenyewe, hata kama ni kwa kushona sare za shule mwezi mzima, na upewe risiti yenye jina lako. Zile tisa zilale daftarini, hazichachi. Akisema si kawaida kufanya hivyo, mwambie dada yako mkubwa ana maradhi ya karatasi. Nisingizie mimi, mimi nimeshazoea.

Mnadhani natia chumvi? Basi niwakumbushe mwana wa milima hii hii.

Fadhili William Mdawida alizaliwa Taita mwaka 1938. Hilo jina la mwisho, kwa ambaye si wa huku, ndilo sisi tunalojiita: Mdawida, mtu wa Dawida. Alitoka na jina la kwao kama mtu anayetoka na kitambulisho. Nairobi akawa na bendi yake, Jambo Boys, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaurekodi Malaika. Baadaye alikuwa kwenye kundi la Equator, studio ya Charles Worrod, pamoja na wakali kina Daudi Kabaka. Malaika sihitaji kuwaelezea. Ni kijana anampenda msichana na mfuko hauruhusu. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka kwenye albamu yao ya pamoja, na albamu ile ikapata Grammy. Mwaka 1981 Boney M wakautoa wa kwao. Angélique Kidjo naye akauimba. Nenda hoteli yoyote ya watalii kutoka Taita Hills mpaka Diani, jioni itakapofika utausikia, na mtalii atakwambia ni wimbo wa kiasili.

Wa kiasili! Kana kwamba uliota kama nyasi.

Hiyo ndiyo aibu ya wimbo usio na karatasi. Mpaka leo watu wanabishana ni wa nani. Fadhili alisema ni wake. Adam Salim wa Tanzania alisema aliutunga yeye, miaka ya 1940. Wapo na wengine waliotajwa. Mimi ni wa Taita na moyo wangu mnaujua ulipo, lakini sitajifanya hakimu. Ninachowaonyesha ni kalenda. Mwaka aliouimba mbele ya kipaza sauti, Kenya haikuwa hata na sheria yake ya hakimiliki. Tulitumia ya Mwingereza, na yetu ikapatikana 1966. Chama cha kukusanya haki za watunzi, MCSK, kilikuja 1983, miaka ishirini hivi baada ya wimbo kuzunguka dunia. Fadhili aliishi Marekani miaka mingi, akarudi, akafariki Februari 2001. Kabaka, mwenzake wa Equator, akafuata mwaka huo huo. Huyu naye Helule Helule yake ilikuwa imechukuliwa na kundi la Uingereza, The Tremeloes, ikapanda chati za huko mwaka 1968. Wazee wawili wa studio moja, nyimbo zao zimefika Ulaya kabla yao, na wamezikwa mwaka mmoja.

Piga hesabu ya Fadhili. Amefariki 2001, ongeza 50. Kama wimbo ni wake, basi mpaka mwisho wa 2051 una mwenyewe. Ni mali hai. Na ndani yake kijana analia kwamba hana pesa! Ukitaka kucheka cheka, mimi hilo hunikausha koo.

Wazee wetu walikuwa na udhuru. Hawakuwa na sheria yao wala simu. Sisi udhuru wetu ni upi? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nasi tumeiandika methali hiyo kwenye leso, tukajifunga kiunoni, tukaingia studio bila kalamu.

Hebu nitoke kidogo nje ya mada, mtanisamehe. Juzi nimepita njia ya Maungu nikaona magunia ya mkaa yamepangwa barabarani, na juu ya moja kuna kipande hakijaiva vizuri, kizito, moyo wake mweusi. Mpingo. Mti huo unaota kwenye nyika yetu hii kavu, polepole kama mtoto wa tajiri anavyoamka, miaka 70 mpaka 100 kabla haujafaa kitu. Huko Ufaransa mafundi wanautengenezea klarineti, na wenye masikio makali hawataki mti mwingine. Sisi tumeuchomea chai. Wenzetu wa Kilwa, Tanzania, walikaa chini vijiji kwa vijiji, wakapima misitu yao, na mwaka 2009 wakapata cheti cha FSC, cha usimamizi mzuri wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii, wakaanza kuuza mpingo wenye karatasi. Mti ni ule ule. Tofauti ni kwamba wa Kilwa una jina la mwenyewe. Nikaona nikueleze wewe fundi, kwa sababu siku moja utaletewa klarineti ya bendi ya shule fulani, na ukiipapasa utajua ni jirani yetu amerudi nyumbani akiwa na vyuma.

Haya, turudi. Binti, karatasi yenyewe si ya kutisha. Huhitaji wakili wa Nairobi mwenye tai. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, majina kama yalivyo kwenye kitambulisho (si ya jukwaani, ya jukwaani yanabadilika kila albamu), jina la wimbo, nani ametunga maneno, nani sauti, nani ametengeneza biti, rekodi ni ya nani, na kila mtu ana asilimia ngapi. Wote mtie sahihi, kila mtu abaki na nakala. Mfanye hivyo kabla ya kurekodi, kungali na soda mezani na vicheko. Wimbo ukishaanza kupigwa redioni hakuna anayekumbuka vizuri, na wasemao kweli ndio husahau zaidi. Kama mwenye studio ni mzito wa kuandika, mtumie ujumbe wa simu: "Kaka, kama tulivyokubaliana leo, wimbo ni wangu, biti ni yako, tumegawana hivi." Akijibu "sawa", usiufute ujumbe huo hata simu ikijaa picha za harusi za watu.

Halafu usajili. Bodi ya hakimiliki, KECOBO, inasajili kazi kwa mtandao. Kama nilivyosema, wimbo ni wako hata bila hivyo, ila siku ya ugomvi cheti kinazungumza wakati wewe unalia. Na ujue kuna mifuko mitatu tofauti. Kwa miaka mingi MCSK imeshughulikia watunzi, PRISK waimbaji na wapigaji, KAMP wenye rekodi. Migogoro ya leseni za vyama hivi haiishi, mara huyu kapewa, mara kanyang'anywa, kwa hiyo uliza kwanza ni chama gani kina leseni mwaka huo kabla hujajaza fomu. Lakini ile migawanyo mitatu ya haki haibadiliki, na wewe unayetunga, ukaimba, ukajilipia studio, una mguu katika yote mitatu. Kijana aliyerekodiwa bure na kutia sahihi bila kusoma mara nyingi ana mmoja tu, akisimama kama korongo.

Mfano wa karibu ni milio ya simu ya Skiza. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, katika kila shilingi 100 ya mlio, kampuni ya simu inachukua 39.50, anayeuweka mtamboni 8.50, na mwenye haki hapati chini ya 52. Vijana walipigania hilo na nawapa heko. Soma tena lakini: mwenye haki. Si mwenye sauti. Kama ile sahihi ya chini ilikuwa ya kumpa mwenye studio kila kitu, zile 52 zinakwenda kwake na wewe utasikia mlio tu ukimpigia shangazi.

Jambo moja jingine ambalo limewanasa wengi hapa kwetu. Ukiitwa kutunga tangazo la duka, la chama cha ushirika, la mgombea wa udiwani, hiyo ni kazi ya kuagizwa, na sheria inachukulia haki imehamia kwa aliyeagiza, msipokubaliana vingine. Kwa hiyo ukipewa ya kuagizwa, itoze kama kitu unachouza moja kwa moja. Usiitoze kama wimbo wa kukodisha. Siku za kampeni msione haya kutaja bei, wao hawaoni haya kutaja ahadi.

Fundi, na wewe usidhani umesahauliwa. Daftari lako liwe hivi: tarehe ya kupokea, chombo cha nani, kinaumwa nini, bei mliyokubaliana, arubuni, na sahihi ya mwenyewe. Spika zinazokaa kibandani miezi minane hazina mwenyewe mpaka siku utakapoziuza. Hapo wenyewe huja watatu. Na ukikodisha mitambo yako matangani, nusu ya pesa ipokee kabla hujapakia gari. Watu wa matanga wanalia kweli, siwabezi, ila kilio kikiisha hakuna anayejua nani alikuwa mweka hazina.

Sasa mama. Binti, usimjibu mamako kwa hasira. Mama akisema uhuni, mara nyingi anamaanisha usiku. Anawaza mwanawe akitoka Maungu saa saba na mpiga ngoma aliyelewa mbangara ndiye anayeshika usukani. Hilo ni jambo la haki kabisa, na dawa yake si mahubiri. Dawa yake ni usafiri uliokubaliwa kabla, mtu wa kukusindikiza, na namba ya gari iliyoachwa nyumbani. Mwambie bei yako ya harusi tayari ina nauli ya kurudi ndani yake. Mpe jina la mwenye shughuli. Mara ya tatu ukirudi salama na pesa ya unga, utasikia anakuuliza Jumamosi unaenda wapi.

Tena mpe mfano asioweza kuukana, maana anapita mjini kwetu. Nyota Ndogo, yule mwimbaji Mwanaisha Abdalla, alikuwa akifanya kazi za nyumbani za watu kabla sauti yake haijajulikana. Alifua, alipika, aliosha vyombo, akaimba. Alipopata, hakukimbilia Nairobi kukodi ghorofa. Alikuja kukaa hapa Voi, na akafungua biashara ya chakula. Mimi hilo la chakula ndilo nililolipenda kuliko tuzo. Mtu anayejua kwamba muziki una misimu, harusi Desemba na ukame Februari, anaweka sufuria jikoni. Kwa hiyo cherehani usiitupe, mdogo wangu. Cherehani ndiyo inayokuwezesha kumwambia mtu wa bure "asante, nitalipa". Aliye na njaa hana neno hilo mdomoni.

Na mwisho wa yote nataka mkutane nyinyi wawili, lakini si kwa hayo mnayoyawaza! Binti ana nyimbo na hana kipaza sauti kizuri. Fundi ana vipaza sauti vitatu, vimepona, wenyewe wamehama. Fundi, mkodishie kwa bei ya jirani, mwandikiane, na wewe binti ujifunze kukunja waya vizuri maana nimeona waimbaji wa huku mnavyozungusha waya kiwikoni mpaka unavunjika ndani. Mtafaana kwa kazi hiyo.

Jumamosi nipo nyumbani kuanzia saa nne. Njooni wote, kimanga kitakuwepo. Binti, njoo na daftari lenyewe, si picha yake kwenye simu, tuchague zile mbili. Na kuna ule ukurasa wa karatasi wa kuandika, kwa hiyo shika kalamu ya wino. Ya risasi mwachie fundi.